Sufuri ni Kabeji

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga.
Chini yetu mafundi wanagonga bampa zilizokunjika,
nami nagonga herufi.

Orodha yangu ina maneno saba tu:
KABEJI, VIAZI, VITUNGUU, NYANYA,
KAROTI, SUKUMA, DANIA.
Kila neno na namba yake mgongoni, kama wachezaji,
na kwa kuwa mashine huanza kuhesabu pasipo na kitu,
sufuri ni kabeji.

Nilidhani watu watanitumia maneno yangu.
Wakanitumia yao.

"viazi", kwa herufi ndogo. Mashine: sikijui.
"VIAZI", na nafasi moja nyuma yake isiyoonekana,
kama mgeni aliyesahau kufunga mlango.
Mashine: sikijui.
"Viasi." "Waru." "Waru gunia mbili hapo kwa Mutheu."
"Skuma." "Kitungu ile nyekundu."
Na Bi Naliaka wa Muthurwa, kidole kikamteleza,
akaagiza "nyaya",
nami nikakaa nikiziwaza nyaya za stima
zimefungwa mafungu mafungu, shilingi ishirini.

Basi nikaanza kupiga pasi.
Nafasi za kandokando nikazikata,
herufi zote nikaziinua ziwe kubwa,
nikaandika kamusi ya mfukoni: waru ni viazi,
skuma ni sukuma, nyaya, Mungu anisamehe, ni nyanya.
Lakini "mboga" ilinishinda.
Kwa Naliaka mboga ni majani.
Kwa kijana wa kibanda cha chapati
mboga ni chochote kinachosindikiza ugali,
hata nyama.

Kwa yale yaliyobaki bila kueleweka sikuandika kitu.
Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na njaa.
Na pasipoandikwa kitu, mashine huweka sufuri.

Jumatatu nikafungua kumbukumbu za mfumo, nikaona:
Kwamboka, kibanda namba kumi na nne,
Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri.
"Leo msilete. Naenda Nyamira kumzika mama."
Na jibu, sekunde moja baadaye,
kwa adabu yote niliyoifundisha mashine:
"Asante, mteja. KABEJI, gunia moja. Linakuja."

Likaja.
Siku mbili likakaa mbele ya kibanda kilichofungwa,
likanywa mvua, likaanza kunuka.

Bosi akasema: ongeza neno la nane, liweke mwanzoni.
Nikataka. Kisha nikakumbuka
kwamba daftari la mwaka mzima limehifadhi namba, si maneno.
Ukipenyeza mgeni kwenye sufuri,
kila kiazi kilichouzwa tangu Januari kinageuka kabeji,
kila kitunguu kinageuka kiazi,
na kabeji zote, hata zile zilizoliwa zikasahaulika,
zinakuwa kitu kisichoeleweka.
Nikalichimbia neno shimo chini ya sufuri.
Hasi moja: HAIJAELEWEKA.
Anayeangukia humo hajibiwi na mashine.
Otiato humpigia simu.

Kwamboka nilimpigia mwenyewe.
"Pole," nikasema, nikakosa neno la pili.
Kimya. Nyuma yake jogoo, na mtu akiburuta viti vya matanga.
"Wewe ndiwe kabeji?"
Nikasema ndimi.

Leo alfajiri ameandika:
"Kabeji lakini isiwe kama ile."
Imetumbukia shimoni, hasi moja.
Ningeweza kurekebisha: lishike neno la kwanza,
yanayofuata yatupe. Mstari mmoja tu wa msimbo,
na vidole vyangu tayari viko juu ya herufi.

Chini, bampa inanyookanyooka.
Otiato anavuta kiti, anainua simu.
"Kwamboka, habari ya asubuhi. Isiwe kama ipi?"
Anasikiliza kwa muda mrefu,
kalamu mkononi, haandiki.